Msimamizi ameniandikia “sanguine”: ni damu, ni tabia, au ni matumaini?

Swali

“Mwalimu, mimi ni muuguzi, ninasoma shahada ya uzamili kwa njia ya mtandao katika chuo kimoja cha Uingereza. Nilimwandikia msimamizi wangu kwamba ifikapo Desemba nitakuwa nimemaliza kukusanya data na kuandika sura zote. Alinijibu kwa upole, akaisifu sura ya kwanza, halafu akamalizia: ‘I am rather less sanguine than you are about December.’ Hapo nikakwama. Wodini tuna neno linalofanana na hilo, sanguineous, tunaliandika kwenye chati kidonda kinapotoa majimaji yaliyojaa damu. Wifi yangu naye amerudi kutoka semina ya wanandoa akaniambia sanguine ni mtu mchangamfu, msemaji, asiyemaliza anachokianza, na kwamba msimamizi amenipima akaniona ndivyo nilivyo. Nimeikalia barua hiyo, sijaijibu. Je, nimetukanwa? Neno moja linawezaje kuwa damu, kuwa tabia, na kuwa sijui nini tena? Na mimi ninaweza kulitumia kwenye tasnifu yangu, au nitaonekana ninajikweza?”

Jibu

Dada yangu, hujatukanwa. Nalitanguliza hilo ili roho itulie kwanza. Msimamizi wako hakuzungumzia damu, wala hakukaa chini kuipima tabia yako. Alichosema ni kwamba yeye hana matumaini makubwa na Desemba kama uliyonayo wewe. Katika sentensi ile, sanguine ni kivumishi cha mtu anayetarajia kwamba mambo yatakwenda vizuri, hasa pale ambapo zipo sababu za kutosha za kutia wasiwasi.

Ila usiifunge barua hiyo ukaiweka kando. Neno si tusi, lakini sentensi ni onyo, na onyo lenyewe ni zito kuliko linavyosikika. Naomba tulitazame kwa karibu, maana hapa ndipo wasomaji wengi wa kwetu wanapopotea wakisoma Kiingereza cha wasomi: kila neno wanalijua au wanalipata kwenye kamusi, ila uzito wa sentensi nzima unawapita.

Waingereza wa vyuoni hawapendi kumwambia mtu wanayemheshimu kwamba jambo lake halitawezekana. Huchukua neno zuri, kisha hulipunguza. Msimamizi wako angeweza kuandika tu kwamba ana mashaka. Badala yake amechukua sanguine, neno la matumaini, akalitangulizia less, yaani matumaini yake ni pungufu kuliko yako. Kisha mbele ya less akaweka rather. Kamusi ndogo zitakwambia rather ni “kidogo” au “kiasi”, nawe utadhani ameyapunguza makali. Lakini rather ikikaa mbele ya neno la kulinganisha, kama less au more, huonyesha tofauti isiyofichika. Rather less hapo ni pungufu hasa. Sentensi yote ukiileta kwenye Kiswahili cha mtu mzima anayesema na mtu mzima mwenzake, inatoka hivi: “Kwa kweli sioni kama Desemba utakuwa umemaliza, na ningependa uliangalie upya.”

Adabu hii si ngeni kwetu. Mzee akiulizwa kama posa itakubaliwa, naye akajibu “Tutaona, Mungu ni mkubwa,” hakuna aliyekaa pale barazani atakayenyanyuka kwenda kutafuta ukumbi. Maneno ni ya heri, lakini kila mmoja ameshapata jibu lake. Msimamizi wako amefanya hivyo hivyo kwa lugha yake, na aliyekulia ndani ya lugha hiyo angelisikia onyo papo hapo.

Jambo jingine, tazama kiima cha sentensi ni nani. Ni yeye. I am less sanguine: anajieleza yeye mwenyewe, anaeleza hali ya matumaini yake. Wewe umeguswa pembeni tu, kwamba umetarajia mema kuliko yeye, na kutarajia mema si dosari. Halafu tazama kihusishi kinachofuata: about December. Hicho ndicho kipimo ninachowapa wanafunzi wangu. Sanguine ikifuatwa na about, na baada ya about likaja jambo, iwe tarehe, mpango, uchaguzi au bei, basi inahusu matumaini juu ya jambo hilo. Mtu anapozungumzia tabia haihitaji about. Atasema a sanguine temperament, au he is sanguine by nature. Kwa hiyo wifi yako amekutajia maana ambayo ipo kweli, lakini siyo iliyo kwenye barua yako.

Sasa kuhusu damu. Hukukosea hata kidogo kuiona. Kwa Kilatini damu ni sanguis, na Warumi walikuwa na kivumishi sanguineus, cha kitu chenye damu au chenye rangi yake. Kifaransa cha kale kikakirithi, kikawa sanguin. Waingereza nao, ambao tangu Wanormani walipoivamia nchi yao mwaka 1066 waliishi kwa muda mrefu chini ya watawala wenye kusema Kifaransa, wakalipokea neno kutoka huko. Lile la kwenye chati zenu, sanguineous, wasomi walilichota moja kwa moja kutoka Kilatini, ndiyo maana limebaki na maana yake kavu ya kitabibu: damu na hakuna zaidi. Mnapoandika serosanguineous mmeichanganya damu na yale majimaji mepesi ya manjano, na bandeji huonekana ya waridi badala ya nyekundu.

Mwishoni mwa karne ya 14 mshairi Geoffrey Chaucer alilitumia neno hili mara mbili katika utangulizi mmoja, ule wa hadithi za mahujaji waliokuwa wakienda Canterbury, na kila mara kwa maana yake. Yeye aliliandika sangwyn. Tabibu wa msafara ule amevaa nguo za sangwyn na buluu. Hapo ni rangi tu, kitambaa chekundu kama damu. Kabla yake ameshaingia mwenye ardhi mmoja, ndevu nyeupe, mpenda mkate uliochovywa kwenye divai asubuhi, mtu ambaye nyumbani kwake nyama na samaki havikauki. Huyo Chaucer anasema kwamba kwa complexioun yake alikuwa sangwyn. Leo complexion ni rangi na hali ya ngozi ya uso. Wakati ule lilikuwa neno la tabibu, na maana yake ilikuwa mchanganyiko: namna majimaji ya mwili yalivyochanganyika ndani ya mtu fulani.

Hapa tumefika kwenye kiini cha swali lako. Kwa zaidi ya miaka elfu mbili matabibu wa Ulaya na wa Mashariki ya Kati waliamini kwamba mwili wa binadamu unaendeshwa na majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Fundisho hilo limo katika maandishi yanayohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki, na aliyelijenga likawa mfumo kamili ni Galen, aliyezaliwa mwaka 129 katika mji wa Pergamon, ambao leo uko Uturuki. Galen alianza kwa kutibu majeraha ya wapiganaji wa maonyesho, baadaye akawa tabibu wa makaizari kule Roma. Katika mfumo huo kila jimaji lilikuwa na hali mbili. Damu ilikuwa ya moto na yenye unyevu, kama hewa na kama majira ya kuchipua. Nyongo ya manjano ilikuwa ya moto na kavu, kama kiangazi. Nyongo nyeusi ilikuwa baridi na kavu, kohozi baridi na lenye unyevu. Yakilingana, mtu ni mzima. Moja likizidi sana, anaumwa. Likizidi kidogo tu, na kwa maisha yake yote, hiyo ndiyo tabia yake.

Aliyezidiwa na nyongo ya manjano aliitwa choleric, mwepesi wa hasira. Mwenye nyongo nyeusi nyingi alikuwa melancholic, mwenye huzuni na mawazo mengi. Wa kohozi alikuwa phlegmatic, mtulivu, mzito wa kuchangamka. Na wa damu ndiye sanguine: mashavu mekundu, hamu ya kula, usingizi mzuri, kicheko karibu, mapenzi mengi, woga kidogo. Kutoka hapo hadi matumaini ni hatua moja tu. Mtu wa namna hiyo akipatwa na tatizo hanyong’onyei. Anasema litapita, na anaendelea kupanga ya kesho. Kufikia karne ya 16 Waingereza walikuwa wameshazoea kumwita sanguine mtu yeyote mwenye matarajio mema, bila kujali mashavu yake wala kiasi cha damu yake. Maana ya tatu ikazaliwa kutoka kwenye ya pili, kama ya pili ilivyozaliwa kutoka kwenye ya kwanza.

Hili si jambo la Wazungu peke yao, na sisi watu wa Kiswahili tuna haki ya kulijua kwa sababu limepita hadi kwetu. Katika karne ya 9, kule Baghdad, Hunayn ibn Ishaq na wenzake walivitafsiri vitabu vingi vya Galen kwa Kisiria na Kiarabu. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, akaupanga upya mfumo mzima katika kitabu chake kikubwa cha utabibu, na kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini huko Toledo katika karne ya 12, kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya kwa mamia ya miaka. Majina ya Kiarabu ya majimaji yale manne ni dam, balgham, safra na sawda. Yasome tena polepole. Damu unaijua. Balghamu ni kohozi, na bado liko kwenye kamusi zetu. Waarabu walilipata kutoka phlegma ya Kigiriki, kwa hiyo balghamu yetu na phlegmatic ya wifi yako ni mtu na binamu yake. Safra ni nyongo ya manjano, na ndiyo iliyotupa safura, ugonjwa unaoufahamu vizuri wewe kuliko mimi, ule wa minyoo inayomnyonya mtu damu mpaka anapauka. Na ukienda Lamu, Mombasa au Unguja bado utawasikia watu wazima wakisema chakula hiki ni cha moto na kile ni cha baridi, bila kujali kimeinjikwa lini. Hiyo ni elimu ile ile ya moto na baridi, unyevu na ukavu, iliyotua pwani kwa njia ya Kiarabu wakati sanguine inatua London kwa njia ya Kifaransa.

Utabibu wenyewe uliachwa. Mwaka 1628 William Harvey alichapisha uthibitisho kwamba damu inazunguka, inasukumwa na moyo na kurudi kwenye moyo, si kwamba inatengenezwa kwenye ini na kuishia viungoni kama Galen alivyofundisha. Hata hivyo matabibu waliendelea kuwatoa wagonjwa damu hadi karne ya 19, wengine kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 1858 Rudolf Virchow alipofundisha kwamba ugonjwa utafutwe ndani ya seli, majimaji manne hayakuwa na pa kukaa tena. Lakini maneno hayafi kwa sababu nadharia iliyoyazaa imekufa. Kiingereza cha leo kimejaa mabaki yake: humour asili yake ni jimaji, temperament asili yake ni mchanganyiko. Hata kipindupindu huitwa cholera kwa jina linalotokana na nyongo ya Kigiriki.

Nirudi kwa wifi yako, maana sitaki aonekane amesema uongo. Mgawanyo wa watu katika makundi manne umeenea sana katika semina za ndoa na za vijana Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya uenezi huo ilitokana na mchungaji wa Marekani, Tim LaHaye, aliyeanza kuuchapisha kwa ajili ya Wakristo mwaka 1966. Kabla yake walikuwepo wanafalsafa waliouandikia, Immanuel Kant mmojawapo, na baadaye mwanasaikolojia Hans Eysenck akaonyesha kwamba makundi yale manne yanaweza kuwekwa juu ya mistari miwili inayokatana: mmoja wa mtu kuwa wa watu au wa peke yake, mwingine wa utulivu au wasiwasi. Tofauti ni kwamba Eysenck hakusema kuna majimaji, wala hakusema watu ni wa aina nne. Mistari haina makasha. Mtu anaweza kuwa popote juu yake, na wengi wetu tuko karibu na katikati.

Msimamo wangu ni huu. Kama mume na mke wanatumia maneno haya kufungua mazungumzo, “mimi ni mwepesi wa kusema, wewe unahitaji kutafakari kwanza,” sioni ubaya, na nimeona ndoa zikinufaika. Ubaya unaanza pale jina la kundi linapogeuka hukumu: huyu ni sanguine, hatamaliza, yule ni melancholic, msimpe uongozi. Hakuna jimaji mwilini mwako linalokuzuia kumaliza tasnifu. Mtu anayefanya zamu za usiku wodini, asubuhi akafungua kompyuta kusoma, hawezi kuambiwa hamalizi anachokianza kwa sababu ya dodoso la semina. Mpelekee wifi salamu zangu, umwambie neno lake ni sahihi, ila amelipeleka kwenye barua isiyo yake.

Nikuonye juu ya ndugu wa neno hili, kwa sababu wanafanana sura na wamewaaibisha wengi. Sanguinary ni -a umwagaji damu; a sanguinary battle ni pigano lililoua watu wengi. Ukimjibu msimamizi kwamba bado uko sanguinary about December, utakuwa umemwambia una kiu ya damu. Consanguinity ni undugu wa damu, na consanguineous utaikuta wodini kwenye historia ya familia pale wazazi wa mtoto wanapokuwa na nasaba moja. Hayo mawili yamebaki upande wa damu moja kwa moja, hayakuvuka kwenda kwenye matumaini. Katika familia nzima, kwenye Kiingereza cha kila siku, aliyevuka ni sanguine peke yake.

Wasomaji wangu wa Goma, Lubumbashi na Bujumbura wana mtego wa ziada. Kwa Kifaransa, sanguin bado ni damu waziwazi, na kila aliyepita maabara anajua groupe sanguin ni nini. Tena Kifaransa kikimwita mtu sanguin, kinamaanisha mtu wa moto, anayelipuka haraka. Mtu akitoka na Kifaransa chake akasoma kwenye gazeti la Kiingereza kwamba waziri ni sanguine kuhusu mkopo, anaweza kudhani waziri amekasirika, kumbe waziri ana matumaini mema kabisa. Sisi nasi tukisema damu imemchemka tunamaanisha hasira, kwa hiyo Mswahili atauona mtego huo kuwa ni maana ya kawaida na atauingia kwa miguu yake mwenyewe.

Matamshi hayana ugumu. Usiseme sangwain. Mwisho wake ni win fupi, mkazo uko mwanzoni, na ngw ya katikati ni ile ile ya jangwa. Tahajia ya Chaucer, sangwyn, inakuelekeza vizuri kuliko ya leo.

Sasa, ulitumie kwenye tasnifu? Nitakujibu kwa ukweli: unaweza, lakini kwa tasnifu yako nisingelitumia. Sababu ya kwanza ni kwamba unaandika kuhusu uuguzi, na msomaji wako ni mtu wa wodini kama wewe. Akilikuta sanguine kwenye ukurasa, jicho lake litakimbilia damu kabla ya akili kumrudisha kwenye matumaini. Sababu ya pili ni kwamba neno hili halibebi matumaini matupu. Lina kivuli. Optimistic ni neno la kila siku la mwenye kutarajia mema. Hopeful lina kutamani ndani yake: unataka iwe hivyo, hujui kama itakuwa. Confident ni uhakika wenye msingi. Complacent ni kubweteka. Sanguine limekaa mahali fulani kati ya optimistic na complacent, na mara nyingi anayelitumia kumhusu mtu mwingine anadokeza kwamba matumaini ya mtu huyo yamezidi kidogo kuliko hali inavyoruhusu. Ukiandika kwamba wauguzi wa hospitali uliyoifanyia utafiti walikuwa sanguine about utaratibu mpya wa kusafisha vidonda, mtahini anaweza kukuelewa kwamba unawaona walijidanganya. Kama hukukusudia hilo, andika optimistic na uendelee. Hakuna mtahini atakayekupunguzia alama kwa kutumia neno jepesi lililo mahali pake.

Pahali ambapo sanguine linapendeza ni kwenye barua kama ile uliyoandikiwa, kwenye tahariri za magazeti, kwenye taarifa za wachumi na maamuzi ya majaji, na zaidi sana kwa ukanushi: not sanguine, less sanguine, far from sanguine. Hapo linafanya kazi ambayo optimistic haiifanyi vizuri, kazi ya kukataa bila kufunga mlango. Na siku utakapolazimika kulitafsiri, liache neno damu pembeni. Kwa matumaini andika “ana matumaini makubwa” au “anatarajia mema”. Kwa tabia andika “mchangamfu” au “mwenye moyo mkunjufu”. Not sanguine mara nyingi ni “haoni dalili njema” au “ana mashaka”, kufuatana na jinsi mwandishi alivyotaka kubana au kulegeza.

Lililobaki ni barua yako, na hili ndilo la haraka. Mimi nimekueleza lugha. Sijui msimamizi wako anawaza nini kuhusu ratiba yako, na hakuna kamusi itakayokwambia. Omba muongee ana kwa ana kwa simu ya video, siyo kwa kubadilishana barua tena, kwa sababu mwandishi wa namna yake akiulizwa kwa maandishi atajibu kwa maandishi yenye mapazia yale yale. Mwulize moja kwa moja, na unaweza kulirudisha neno lake kwa heshima kabisa: Which part of the plan makes you less sanguine? Ni sehemu gani ya mpango inayokupa mashaka? Swali hilo halina unyonge ndani yake. Linamwonyesha kwamba umemwelewa, na linamlazimu ataje jambo moja mahususi, iwe ni kibali cha maadili, idadi ya wagonjwa uliyoahidi kuwafikia, au uchambuzi wa takwimu.

Kama jibu lake litagusa ada ya muhula wa ziada, au ruhusa ya masomo uliyopewa kazini, usiishie kwake. Nenda ofisi ya wanafunzi ya chuo na kwa afisa utumishi wako, na uombe kila kitu kwa maandishi, kwa maneno ambayo hayahitaji mtu kama mimi kuyafafanua. Neno kama hili likitokea kwenye mkataba au hati ya mahakama, mwone wakili au mtafsiri aliyeapishwa kabla hujatia saini. Na kama barua za chuo zimeanza kukunyima usingizi, vyuo vingi vina washauri wa wanafunzi, hata kwa wanaosoma kwa mtandao. Zungumza na mmoja wao mapema.

Kabla ya simu hiyo, chukua kalenda uhesabu kurudi nyuma kutoka Desemba. Toa zamu zako za usiku, toa wiki ambazo msimamizi atahitaji kusoma kila sura na kuirudisha, toa muda wa kibali kama bado hakijatoka. Kitakachobaki ndicho utakachomwekea mezani, pamoja na tarehe ya pili unayoweza kuisimamia iwapo Desemba itashindikana.